Orodha ya Vijana Wenye Afya

Ilomba, Mbeya
Jumapili, 12 Januari 2025

Dada Catherine,

Nimeianza barua hii mara mbili kwa salamu zile tulizofundishwa darasa la tano, nikazikata zote. Mimi ni mzima, nakula na kulala, basi tuendelee.

Tangu uingie unovisi, kuanza malezi ya usista, mwezi wa nane na simu yako ikabaki kabatini kwa Sista Mlezi, nimegundua kwamba sijui kuandika. Nimezoea ujumbe wa maneno matatu, karatasi nzima inanitisha. Lakini Jumapili za Mbeya ni ndefu. Wenzangu wa chuo kwao ni karibu, Tukuyu, Mbozi, Mbalizi. Ijumaa jioni wanatawanyika, mimi nabaki na mvua na jiko la mchina la mafuta ya taa. Wiki iliyopita nilihesabu: tangu Ijumaa saa kumi hadi Jumatatu asubuhi sikusema neno na mtu yeyote, isipokuwa "nipe nyanya za mia tano" pale gengeni.

Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa kwenye ubao wa chuo nilikuwa wa kwanza kwenda. Wanatafutwa vijana wa kiume wenye afya njema, miaka kumi na nane hadi ishirini na tano, wapimwe vidole na presha. Chini kabisa: chakula cha mchana kitatolewa. Wenzangu walicheka wakashika mbavu, eti nani anapima vidole. Mimi niliposoma "wenye afya njema" niliona nimeitwa kwa jina.

Kwenye chumba cha kupimia walikuwa wawili. Dokta Alinanuswe, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, ndiye mwenye utafiti, na nesi Ikupa ndiye mpimaji. Unakiweka kiganja mezani kimefunguka, naye anapima kidole cha shahada na kidole cha pete, kuanzia mkunjo wa chini hadi ncha, kucha haihesabiwi. Anatumia venia, ile ile tunayopimia vyuma karakanani, ila ya kwake ni safi. Kisha anagawanya urefu wa shahada kwa urefu wa pete. Uwiano wangu ulitoka sifuri nukta tisa mbili, maana yake kidole changu cha pete kimekipita kwa mbali cha shahada. Dokta anasema vidole hupangwa tungali tumboni, na anataka kujua kama vijana wazima wenye kidole cha pete kirefu zaidi wana presha tofauti na wenzao. Nikamuuliza kama huo ni utabiri. Akasema, "Kijana, mimi siyo mganga. Nataka vidole vya watu mia mbili ndiyo niseme neno moja."

Nikuambie jambo la kijinga? Nesi alinishika mkono kama dakika tano, akiugeuza na kuunyoosha. Sikumbuki ni lini mtu alinishika mkono bila kuwa ananisalimia. Nilitamani akosee hesabu aanze upya.

Baadaye akanipima presha. Akapima tena. Akaniambia nipumzike kidogo, akapima mara ya tatu. Wali ulikuwa na nyama. Nimeambiwa nirudi wiki ijayo, labda vidole vyangu vimewapendeza.

Baba alikuwa na vidole vya namna hii, au nakumbuka vibaya?

Mdogo wako,
Kashindye


Nyumba ya Malezi, Iringa
Jumapili, 2 Februari 2025

Mdogo wangu Kashindye,

Barua tunagawiwa Jumapili baada ya chai, na zote Sista Mlezi huzisoma kwanza, za kuja na za kwenda. Kwa hiyo tunapoandikiana tuko watatu. Yeye amecheka pale kwenye nyanya za mia tano, mimi sikucheka.

Hapa tuko wanovisi kumi na tisa na nimepangiwa nguruwe. Naamka saa kumi na moja, tunasali, nawapelekea pumba, narudi bustanini kwenye kabichi. Baridi ya mlimani hapa inapenya hata soksi mbili. Kuanzia sala ya usiku hadi baada ya misa hatuzungumzi, na mwanzoni nilidhani ukimya huo ndio utakuwa mgumu kwangu. Kumbe siyo. Kigumu ni mchana, wenzangu wanaposimuliana habari za kwao, nani kaolewa, nani kajenga, nami nasikiliza. Ikifika zamu yangu nasema nina mdogo wangu Mbeya anasomea ufundi, basi. Habari yetu inakwisha upesi.

Ndiyo, vidole ni vya baba. Alipokuwa akituonyesha mahali pa kufungua maji ya mfereji alinyoosha kiganja kizima, na kidole cha pete kilitangulia. Hukumbuki vibaya.

Lakini mdogo wangu, umeruka. Nesi amepima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu wali ulikuwa na nyama. Tangu utoto ukivunja kitu unaanza kusimulia habari za mbuzi. Hapakuwa na namba kwenye hiyo mashine? Uliporudi wiki ya pili walisema nini? Niandikie kama ilivyo, usinipunguzie chumvi.

Nakuombea kila siku. Hilo haliwezi kukushika mkono, najua.

Dada yako,
Catherine


Ilomba, Mbeya
Jumatatu, 3 Machi 2025

Dada,

Mwezi mzima nimekaa na barua yako. Namba ilikuwa mia na sabini na mbili kwa mia na kumi na mbili. Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo, ya tatu ikapanda. Dokta Alinanuswe akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina langu. Utafiti unataka vijana wenye afya, na mimi simo tena kwenye orodha. Vidole vyangu havitahesabiwa.

Hakunitupa, siwezi kusema hivyo. Alinipeleka mwenyewe hospitali wakanipima mkojo na moyo, nikapewa vidonge, kimoja kila asubuhi. Yule daktari wa hospitali akaniuliza, wazazi wako hai? Nikasema mama alifariki nikiwa na miaka minne, baba nikiwa na kumi na mitatu. Baba alikufa na nini? Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi inasubiri. Nikasema sijui.

Wewe unajua nilichokikumbuka pale, lakini Sista Mlezi hajui, acha niseme wazi, naye asome. Sisi ni Wasukuma, baba yetu Masanja alihamia Madibira na ng'ombe, akaishia kulima mpunga. Mama alipokufa akamwoa Mama Yudith, aliyenilea mimi. Mwaka 2016, kabla ya mavuno, nikiwa nyuma ya jiko nilimwona Mama Yudith anasaga kitu cheupe juu ya jiwe kwa chupa ya soda. Akakimimina kwenye uji wa baba, akakoroga, akatazama huku na huku. Sikusema. Mwezi wa tano baba akaanguka kwenye jaruba, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukafa. Baba mkubwa Saulo alipotuuliza mmoja mmoja, ndipo nikasema. Akaitwa mganga, akapasua kuku, kuku akakubaliana na mimi. Mama Yudith akapewa hadi saa sita mchana awe ameondoka. Aliondoka na beseni moja. Baba akafa mwezi wa nane.

Sasa nisaidie. Kama baba alikuwa na presha, basi mimi nilimfukuza mtu bure. Kama hakuwa nayo, basi mashine ya nesi Ikupa ni mbovu na mimi ni mzima. Unaona ninavyotaka kuwa mzima?

Vidonge viko dirishani, sijafungua hata kimoja. Nikimeza nitakuwa nimekubali. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minane, umemaliza kidato cha nne, ulikuwepo nyumbani siku zote zile. Baba alikufa na nini? Niandikie neno moja tu, nitalishika hilo. Mpaka lifike, vidonge vinakaa hapo hapo.

Kashindye


Ilomba, Mbeya
Jumatatu, 24 Machi 2025

Dada,

Jumapili tatu zimepita. Naenda posta kila siku hadi yule mama wa dirishani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mwanzoni nilidhani barua imepotea. Sasa nadhani umeisoma, na kukaa kimya ndilo jibu lenyewe. Kama nisingekuwa nimekosea ungeniandikia siku ile ile. Unatafuta namna nzuri ya kuniambia, huipati. Au Sista Mlezi amekukataza usiandikiane na mtu kama mimi, na kama ndivyo simlaumu.

Kisogoni pananigonga, hasa nikiinama. Nesi Ikupa nilikutana naye mtaani Kabwe, akaniuliza, "Unameza lakini?" Nikamjibu nameza. Akafurahi, akanishika bega, nami nikajisikia mchafu siku nzima.

Nimekuwa mtu wa kutazama vidole. Sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Wengi wana vidole kama vyangu na wanacheka vizuri tu. Lakini nikilala nawaza, kama haya yalipangwa tungali tumboni, kidonge kitafuta nini? Baba alinipa vidole na alichokuwa nacho ndani ya vidole. Najua dokta angenigombeza kwa maneno haya.

Niandikie hata kunitukana.

Kashindye


Stendi Kuu, Mbeya
Jumanne, 8 Aprili 2025

Dada,

Jana nilitoka damu puani karakanani, nikapata kizunguzungu, simu ikanidondoka chini ya mashine ya kukatia vyuma, ikavunjika. Kwa hiyo hata siku ukirudishiwa simu yako, mimi sipatikani.

Dereva mmoja wa lori la mpunga anayetoka Madibira aliwahi kuniambia Mama Yudith yuko Ilula, anauza nyanya kando ya barabara, anawauzia wasafiri wa mabasi. Aliniambia mwaka juzi na mimi nikajifanya sikusikia. Leo naenda. Kwa kuwa wewe hutaki kusema, nitamuuliza yeye mwenyewe kile alichokisaga kilikuwa nini. Basi litapita Nyololo, Mafinga, hadi pale Ipogolo chini ya mlima wenu. Nitatazama juu, lakini sitashuka.

Vidonge nimevibeba. Bado havijafunguliwa.

Kashindye


Nyumba ya Malezi, Iringa
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Leo baada ya misa nimekabidhiwa barua zako tatu kwa pamoja. Wakati wa Kwaresima wanovisi hatupewi barua wala hatuandiki. Ni mfungo wetu, nami nilikuwa siujui hadi Jumatano ya Majivu ilipofika, na hapo tayari nisingeweza kukuarifu. Siku zote hizo barua zako zilikuwa kwenye droo, hatua thelathini kutoka kitandani kwangu, hata Sista Mlezi hakuwa amezifungua. Nilidhani umekasirika, kwa kuwa Februari yote hukunijibu. Nilifunga nyama na sukari kwa ajili yako. Mungu anisamehe, nilikuwa nikijisifu kwa kufunga huku wewe unatoka damu.

Sista Mlezi amezisoma pamoja nami, amelia. Amekupigia simu mara sita, hupatikani. Ameniruhusu niandike yote.

Meza vidonge, Kashindye. Kabla hujaendelea kusoma, meza. Baba alikufa kwa presha.

Aliambiwa zahanati mwaka mmoja kabla hajaanguka, mimi ndiye niliyemsindikiza. Akapewa dawa. Akazimeza wiki mbili, kisha wenzake wa kilabuni wakamwambia dawa hizo zinammaliza mwanamume, akaziacha, akatukataza kutaja neno presha mbele ya mtu. Mama Yudith akawa anamsagia kwenye uji asubuhi, kwa siri. Ulichokiona ulikiona kweli. Ilikuwa dawa yake. Hata siku ya mganga Mama Yudith hakulitaja neno hilo, kwa kuwa baba alikuwa amekataza, na baada ya kuku nani angemwamini.

Siku ile anafukuzwa, alipokuwa akifunga beseni lake, aliniita ndani. Akanipa pakiti za dawa zilizobaki. Akasema, "Endelea kumtilia. Na huyu mtoto usimwambie kamwe, atabeba lawama." Nikamwahidi.

Sikumtilia, Kashindye. Hata siku moja. Nilikuwa nashika jiwe, nasikia mtu anapita uani, naliacha. Niliona walivyomfanya yeye, nikaogopa kuonekana nasaga kitu. Baba aliishi miezi mitatu tangu siku ile na dawa zake zilikuwa kwenye sanduku langu la shule, chini ya sare. Alipokufa nilizitupa chooni. Wewe ulikuwa mtoto, ulisema ulichokiona. Mimi nilikuwa mtu mzima, nilikuwa na dawa, nikanyamaza. Kwa nini nilikuja huku mlimani, watu wanasema wito. Labda upo. Lakini nilianza kwa kushindwa kukaa na wewe meza moja, kwa sababu kila ukinitazama niliona unanisubiri niseme.

Sasa nimesema. Ukinichukia nitaelewa. Chukia ukiwa hai.

Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa parokia anayeshuka Ilula Jumatano. Nimemwambia aulize kila meza ya nyanya mpaka akupate.

Dada yako,
Catherine


Ilula
Jumatano, 23 Aprili 2025

Kwako Catherine,

Mimi Yudith. Dereva wenu amesimama hapa anataka kuondoka, naandika upesi juu ya tenga, usishangae mwandiko.

Mdogo wako yupo. Alikuja, sasa wiki mbili zimepita. Alisimama kwenye meza yangu akawa anachagua nyanya, anaweka, anatoa. Sura yake sikuijua, amekuwa mrefu. Nikatazama mikono. Nikasema huyu ni wa Masanja, nikavuta kigoda nikakaa. Aliniuliza kitu kimoja tu, ulisaga nini. Nikamjibu, muulize dada yako. Kwa sababu tulikubaliana, na mimi ahadi siivunji kwa kuwa mtu amekuja na basi.

Analala kwenye stoo ya Mwanakhamisi, jirani yangu anayeuza vitunguu. Ananibebea matenga, simkatazi. Lakini nataka ujue jambo hili, nisije nikasingiziwa. Chakula changu hajala. Maji yangu hajanywa. Anakula kwa mama ntilie pale ng'ambo. Mimi nina miaka tisa sijampikia mtu. Napika sahani moja, nakula, naosha. Na huyu kaja kwangu anaumwa, anashika kichwa. Akifa hapa kibarazani kwangu, nani atasema ni presha? Watasema yule mama tena.

Nataka karatasi ya hospitali. Yenye jina lake, ugonjwa wake, tarehe ulipoonekana, na muhuri. Isomwe mbele ya watu hapa barabarani. Hiyo ikija, tutaongea. Siyo roho mbaya, ni kwamba nimeshaungua.

Barua yako amepewa. Anaisoma nyuma ya matenga, sijui imesema nini. Amekaa chini. Kama umemwambia habari ya dawa basi umevunja ahadi. Sawa tu. Nilikuwa nimechoka kuibeba peke yangu.

Yudith


Ilula
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada Catherine,

Nilikukasirikia. Siku mbili sikutaka hata kulisikia jina lako, na yule dereva wenu angenikuta siku hizo ningempa maneno ambayo Sista Mlezi asingeyapitisha. Nilikaa stoo kwa Mwanakhamisi kati ya magunia ya vitunguu, nikalia, na pale hakuna anayekuuliza kwa nini machozi. Siku ya tatu nikawaza, ulikuwa na miaka kumi na minane na jiwe mkononi. Mimi nina ishirini na miwili, nilikuwa na vidonge mkononi, na sikufungua. Woga wetu ni mmoja. Wewe ulikuwa na dawa, mimi nilikuwa na maneno, tugawane huyu baba nusu kwa nusu. Zaidi ya hapo sijui kusamehe kunavyofanywa, wewe ndiye unayesomea.

Nilianza kumeza siku ile ile barua ilipofika. Nilitaka ulijue hilo, niliiheshimu amri yako kabla ya hasira.

Kisha nikapanda basi kurudi Mbeya kuifuata karatasi. Hospitali wakaiandika, wakaigonga muhuri. Nikapita kwa Dokta Alinanuswe kumuaga, nikamuuliza vile vidole vimesema nini. Akasema amefikisha vijana mia na kumi na vidole havijasema neno. Akaongeza, hata siku vikisema, vitasema habari za vijana wengi kwa pamoja, siyo zangu. "Za kwako zimesemwa na mashine ya shilingi laki moja, na ulipaswa kuisikiliza tangu Januari." Nesi Ikupa akanipima: mia na arobaini na nane kwa tisini na sita. Akauliza, "Sasa kweli unameza?" Nikasema kweli. Safari hii akanishika mkono bila kupima kitu.

Ijumaa nilirudi Ilula. Mama Yudith alipoiona karatasi hakuipokea. Alimwita Mwanakhamisi, akawaita wauza nyanya wote wa upande ule, hata mama ntilie akavuka barabara na mwiko wake. Mwanakhamisi akasoma kwa sauti. Kashindye Masanja, miaka ishirini na miwili, shinikizo la juu la damu, lilionekana Januari 2025, historia ya ugonjwa huo katika familia: baba. Alipofika hapo kwenye "baba" Mama Yudith akamwambia arudie. Akarudia. Malori yakawa yanapita, Mwanakhamisi akasubiri yapite, akarudia mara ya tatu bila kuombwa.

Nami nikasema mbele yao kwamba ni mimi niliyemsingizia, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kwamba alichokuwa anampa baba kilikuwa dawa. Nilidhani watanitukana. Walinitazama tu, kisha wengine wakageuka kwenye meza zao kwa sababu basi lilikuwa limesimama. Yeye alikuwa anapanga nyanya, hakuinua uso. Baba mkubwa Saulo naye nimempigia kwa simu ya Mwanakhamisi, nikamweleza yote. Akasema, "Hayo yamepita, mwanangu, achana nayo," akaniuliza bei ya vitunguu. Nitaenda Madibira mwenyewe niseme tena uso kwa uso, lakini sitegemei kitu. Naona kumfukuza mtu kulihitaji ukoo mzima, na kumrudishia jina lake nimeachiwa mimi peke yangu.

Jioni Mama Yudith alifunga meza mapema, akanichukua hadi kwake kando ya barabara. Akanibandikia ugali. Sahani mbili, dada, nilimwona anaitafuta ya pili chini ya kitanda, akaiosha mara mbili. Ugali, dagaa wa kukaanga na nyanya. Akaniwekea kwenye kigoda, akakaa mbele yangu.

Nikanawa. Nikamega tonge. Mkono ukafika kifuani, ukagoma. Ninajua kila kitu. Barua yako nimeisoma mara tano, karatasi ya hospitali nimeileta mwenyewe, na bado tonge halikupanda. Yule mtoto wa nyuma ya jiko bado yumo. Nikajifanya tonge ni la moto, nikalipuliza.

Mama Yudith aliivuta sahani yangu kwake, akamega upande wangu, akachovya kwenye mboga yangu, akala. Akamega tena, akala. Akanywa maji kwenye kikombe changu. Alikula taratibu huku ananitazama usoni, hakuwa na hasira, na nusu nzima ya ugali ikaisha hivyo, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa kwa aibu ambayo sijawahi kuipata maishani. Kisha akairudisha sahani mbele yangu.

"Sasa kula," akasema. "Ukimaliza umeze dawa yako. Mimi nitageuka nitazame barabara, nisiwe karibu nayo."

Akageuka kweli, akanipa mgongo. Nilikula yote. Nikameza. Nikamwambia nimemaliza, mama, naye akakaa vile vile muda mrefu bila kugeuka.

Mdogo wako,
Kashindye